Waliomlimia Yona

Kambi ya chai, Bulwa
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo ya pili mfikishie Baba, ambaye najua barua zangu huzisikiliza akiwa amesimama mlangoni, anajifanya anaangalia ng'ombe. Na wewe Wifi Damari unayesoma, nakusalimu hapo hapo ulipokaa, ila nakuomba usome polepole bila kuruka. Nimesikia barua iliyopita uliruka sehemu yote niliyokutania, ukaenda moja kwa moja kwenye salamu za mwisho. Safari hii nitajua.

Kifua chako kikoje, Mama? Na mguu wa Baba? Mvua za mwaka huu zimewaachia maharage kidogo, au zimeyateremsha yote mpaka mtoni? Huku zimenyesha mpaka tumezoea. Ukungu unaingia ndani bila kupiga hodi, nguo hazikauki, na asubuhi tunalowa mpaka kiunoni kabla ya kuchuma hata konzi moja. Neema alikohoa sana mwezi uliopita, nikaingiwa na hofu, lakini amepona na sasa anatembea, anavunja kila anachokifikia. Baba yake yuko kiwandani bado, kwenye chumba cha kunyaushia majani, na harufu ya chai haimtoki hata akioga mara ngapi. Sukari dukani hakuna. Sisi tunaochuma chai tunainywa chungu, na tunacheka. Tu wazima, Mama, na tunawakumbuka kila siku.

Sasa nije kwenye neno lako. Yule mchuuzi wa iliki kutoka Soni alifika hapa wiki iliyopita, akanipa salamu zako zote, kisha akakohoa, akasema, "Na mama yako ana neno kuhusu mdogo wako." Akalisema kama ulivyolisema: kwamba umesikia ofisi imeacha kuwalisha wapanda baiskeli, na kama ndivyo Yona arudi nyumbani, shamba la baba yake linamsubiri, maana mtu mzima halishwi kwa kucheza. Nililipokea, Mama. Sikulificha wala sikulipunguza, nilimfikishia Yona siku ile ile. Lakini kabla hujanihesabia kwamba mimi ndiye ninayemzuia, nisikilize mpaka mwisho. Nimekaa chini kuandika yote.

Ni kweli ofisi imeacha. Unajua zamani timu hii ilianzishwa na yule mzungu mwenye shamba, aliyependa baiskeli kuliko chai yenyewe. Vijana waliochaguliwa walipata mshahara kama sisi, ila kazi yao ilikuwa kupanda baiskeli: asubuhi wanateremka mpaka Muheza, mchana wanapandisha kurudi. Najua hukuwahi kuamini hilo. Ulisema Yona anatudanganya, lazima anachuma mahali. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na shamba lilipofanywa mali ya wananchi timu ilibaki, nasi tukaipenda zaidi kwa sababu sasa ilikuwa yetu. Mama, hujaona watu wa hapa siku ya mashindano. Wanaonuniana mwaka mzima wanashikana mikono. Barabara ya Muheza inajaa mpaka magari yanapiga honi kwa kuomba, si kwa kuamrisha. Na huyo Yona wako, aliyekuwa hasikiki hata akiitwa kula, hapa anaitwa jina na watu asiowajua. Wakifika kwenye mlima anawaacha wale wa Tanga kama wamesimama kununua karanga.

Basi mwaka huu tanuri la kukaushia chai likafa. Meneja wetu mpya, mtu wa Bukoba, si mbaya, alituita wote mbele ya kiwanda akatuambia wazi.

"Ndugu zangu, mimi nipende baiskeli nisipende, tanuri limekufa. Siwezi kununua tairi za mashindano wakati majani yanaoza sakafuni. Kuanzia mwezi ujao vijana watarudi kwenye majembe kama wengine. Wakitaka kupanda baiskeli wapande baada ya kazi, kwa posho zao wenyewe."

Mashindano ya mkoa yalikuwa mbele, na mwaka huu njia yake si ile ya kwenda Pangani. Mwaka huu yanaanzia Tanga na kuishia Lushoto. Wanapanda kutoka Mombo, Mama, wanapita Soni, hapo hapo kwenu. Tulikuwa tumeingoja njia hiyo tangu timu ianze, maana hakuna timu nyingine mkoani inayojua mlima kama yetu. Nilimtazama Yona, alikuwa anatazama viatu vyake.

Aliyesimama ni Bibi Hadija. Huyu lazima nikueleze, maana habari yote ni yake. Ni mjane, Msambaa mwenzetu, Mwislamu, ana bustani ya mboga na magimbi bondeni, na huuza kambini kwetu. Ana sauti ya kuita mtu wa ng'ambo ya bonde. Siku za mashindano hufunga kilemba cha kijani, rangi ya timu, na kusimama kwenye kona mbaya kuliko zote kuwatukana wanaopunguza mwendo. Vijana wanamwogopa kuliko mwalimu wao.

Akasema, "Meneja, kile kitalu cha chai cha bondeni kilichomezwa na magugu, nani anakichuma?"

Meneja akasema hakuna, watu hawatoshi.

"Basi tupe sisi. Tutakifyeka, tutakipalilia, tutakichuma. Majani yake yapimwe kwa jina la timu, na vijana hao walishwe kwa majani hayo. Wewe kaa na tanuri lako."

Meneja akacheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Katibu wa tawi la chama akaruka juu, akapaza sauti kwamba huko ndiko kujitegemea kwenyewe, na tangu siku hiyo anatembea akisema wazo lilikuwa lake. Sisi tunamwachia. Meneja akasema sawa, jaribuni.

Mama, ungeona mambo yalivyoanza kujitokeza. Mwinjilisti akatangaza kanisani baada ya mahubiri, na Ijumaa neno hilo likatangazwa msikitini. Fundi baiskeli akasema viraka na spoku ni bure mpaka mashindano yapite. Wabena wa nyumba za chini wakaleta mahindi. Wanawake wakaleta mikungu ya ndizi mpaka nikakosa pa kuiweka, kwa sababu mikungu yote ililetwa kwangu. Walisema Yona hana mama hapa, ana dada, basi dada ndiye jiko. Nikapika, nikawa nawapikia vijana wote wa timu kana kwamba wote wametoka tumboni mwako. Na siku ya kufyeka kitalu ikapangwa iwe ngemo, Jumamosi baada ya kazi ya nusu siku.

Wifi, ninyi wa Upareni mna msaragambo wenu wa kupigiwa pembe. Ngemo yetu ni ya kuitana majirani. Mwenye shida anawaita, watu wanakuja na majembe yao, yeye mwenyewe anatangulia shambani, na kazi ikiisha anawalisha. Mama anajua, nimekuandikia wewe.

Jumamosi ile sikuamini macho yangu. Watu walitoka vijiji ambavyo sijawahi kufika. Wagosi wazee na majembe begani, wanawake na mapanga, wafanyakazi wetu wa kambini, hata mafundi wa kiwandani. Kitalu hakikutosha pa kusimama. Lakini hawakuanza. Walisimama kwenye ukingo wa shamba, wanatazama huku na huku, na mimi sikuelewa mpaka Bibi Hadija alipoinua uso.

"Wenye ngemo wako wapi?"

Nikasema, "Bibi, wamepumzika. Mwalimu wao amewaambia wapumzike."

"Wanaumwa?"

"Hapana, Bibi."

"Wamefiwa?"

"Hapana."

"Basi na sisi tupumzike."

Akalaza jembe chini, akakalia mpini. Watu wote wakakaa. Hakuna aliyegomba, hakuna aliyeondoka, ila hakuna aliyefyeka hata jani. Wale Wabena walikuwa wameshaanza kwenye kona yao. Wakatazama, wakaona kila mtu amekaa, nao wakakaa. Nilisikia aibu imenipanda mpaka masikioni, kwa sababu jambo lenyewe nalijua tangu nikiwa mgongoni mwako, na bado sikuwa nimelifikiria.

Nikakimbia kambini. Nikawakuta wamelala kwenye mikeka, migongo chini, miguu wameiegesha ukutani kama kuni. Mwalimu wao, Mwalimu Kassim, anatembea katikati yao. Huyu ni mtu wa Tanga mjini, mstaarabu, kofia haimtoki kichwani, anajua baiskeli kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Lakini ngemo haijui.

Nikamwambia watu wamekaa chini.

Akasema, "Binti yangu, miguu hii ndiyo mali ya timu. Asubuhi wametoka Muheza. Nikiwatia kwenye magugu leo, kesho nimpandishe nani baiskeli? Hao watu wamekuja kuwasaidia au kuwaua?"

"Mwalimu, kwetu mtu halimiwi amelala ila kama anaumwa au amefiwa. Hawa wakiendelea kulala, watu watarudi nyumbani, na Jumamosi nyingine hutamwona hata mmoja."

"Huo ni ushamba."

"Ndio huo huo utakaowalisha, Mwalimu."

Aliyenijibu ni Yona. Aliteremsha miguu ukutani, akavaa shati, akaniomba jembe langu. Wenzake wakanyanyuka mmoja mmoja, hata yule Masanja wa Shinyanga ambaye hajui ngemo ni nini. Mwalimu Kassim akabaki mlangoni, mikono kiunoni, anasema, "Haya. Haya. Mtanikumbuka."

Yona alipoingia kwenye kitalu na kupiga jembe la kwanza, Mama, watu walinyanyuka kwa kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka Amani. Bibi Hadija akaanza wimbo. Magugu yakaenda chini kama nywele za mtoto anayenyolewa. Mimi nililia, nasema wazi. Nililia kwa sababu kati ya watu wote wale hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu yetu, na walikuwa wanamlimia mdogo wangu. Jioni wakala ndizi na maharage niliyopika, wakaondoka wanaimba.

Lakini sitaki udhani Mwalimu Kassim alikuwa mjinga. Jumatatu yake Yona aliamka mgongo umekaza hata kuinama kufunga kamba za kiatu akashindwa. Masanja naye akawa anatembea kama ameshonwa. Siku kadhaa hawakupanda baiskeli kabisa. Mwalimu akaja nyumbani kwangu, hakufoka, akasimama tu.

"Unaona?"

Nikasema, "Naona."

Nikamwita Bibi Hadija, nikawakalisha wote wawili, nikawapa chai isiyo na sukari. Nilijua wakiachwa mbalimbali timu itakufa kati yao: mmoja atavunja migongo ya vijana, mwingine atawavunja watu moyo. Walikaa wanatazamana kama wakwe.

Mwalimu akauliza, "Mama, hasa mnachotaka ni kitu gani? Ni jembe?"

Bibi Hadija akafikiri. "Hapana. Jembe tunalo. Tunataka tuone jasho lao likidondoka pamoja na letu. Mtu asiyetoka jasho kwenye ngemo yake ametuajiri, na sisi hatukuja kuajiriwa."

"Jasho tu?"

"Jasho tu. Litoke wapi, hilo shauri lako."

Mwalimu akageukia mlango. Nyumba yetu inatazama bonde, na kutoka mlangoni unakiona kile kitalu chini na banda la mizani juu kabisa mgongoni mwa kilima. Alikuwa anatazama njia ya katikati. Ni njia mbaya, Mama, ya kokoto na kona, na sisi wanawake huipanda na matenga ya majani.

"Hayo majani yanafikaje kwenye mizani?"

Nikasema, "Kichwani mwetu."

"Kila siku?"

Bibi Hadija akacheka. "Ulidhani yanaota mabawa?"

Akauliza kama hapa kambini kuna baiskeli za mizigo, zile nzito za kubebea mikungu. Nikamwambia zipo nyingi. Akanywa chai yake yote, chungu vile vile, akaweka kikombe chini, akasema, "Hakuna mlima kati ya Mombo na Lushoto mbaya kuliko huo. Nilikuwa natafuta pa kuwafundishia, kumbe kila siku napatazama."

Basi hivyo ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Jumamosi watu wanakuja, wanapalilia, wanachuma, na vijana wa timu ndio wanaopandisha majani. Wanafunga magunia nyuma ya zile baiskeli za mizigo na kukanyaga mpaka juu, jasho linawachuruzika, Mwalimu kasimama kwenye kona na filimbi, Bibi Hadija kasimama kona ya juu yake na matusi yake. Mara ya kwanza Masanja alianguka na gunia likafumukia kijitoni. Tulivua majani majini tukicheka mpaka tukakosa nguvu, na wanawake wakamtungia wimbo ambao siwezi kuuandika kwenye barua itakayosomwa mbele ya Baba. Sasa haanguki. Na mimi mchumaji, Mama, kwa mara ya kwanza tangu nije Bulwa, nimepanda kile kilima mikono mitupu. Nilifika juu nikageuka kutazama bonde. Sikuwahi kulitazama, siku zote shingo ilikuwa chini ya tenga.

Karani wa mizani sasa haiti jina la mtu, anaita "Timu!" na watu wanaitika. Tairi mpya zimekuja kutoka Tanga. Fulana za kijani zimetiwa viraka vizuri hata huvioni ukiwa mbali. Meneja mwenyewe, tanuri lake limetengenezwa, alishuka kitaluni Jumamosi iliyopita akiwa amekunja suruali, akachuma vibaya sana, wanawake wakamrekebisha bila huruma. Kisha akatuambia amepeleka jina la timu, tutashindana.

Katikati ya furaha hiyo ndipo neno lako lilipofika.

Nilimwambia Yona alipokuwa anasafisha mnyororo. Aliendelea kuusafisha mpaka ukamalizika, akaupaka mafuta, akafuta mikono. Halafu akasema, "Mama ameniita, dada. Mimi si wa kubishana na Mama." Akaingia ndani, akaanza kukunja nguo zake. Usidhani hakuumia. Nimemlea mgongoni mwangu, namjua akiumia: hukunja nguo vizuri mno. Sikumzuia, Mama. Nilisimama mlangoni, ingawa nilitamani mno kusema.

Akatoka kwenda kumuaga Bibi Hadija, maana hakuona vizuri aondoke kimya. Nikamfuata nyuma. Tukamkuta bibi anang'oa magimbi.

"Nani amekufukuza?"

"Hakuna, Bibi. Mama ameniita. Amesikia ofisi haitulishi tena."

Nilidhani atawaka. Hakuwaka hata kidogo. Akaweka gimbi chini. "Mama yako ni wa wapi?"

"Soni."

"Msambaa?"

"Msambaa."

"Basi hajaambiwa habari yote. Kwetu mtu aliyelimiwa hahami kabla ya mavuno. Akihama, waliomlimia watakula nini? Watakula aibu? Mama yako analijua hilo kuliko wewe. Amekuita kwa sababu alidhani umeachwa na njaa. Hakujua umelimiwa." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe dada mtu, unajua kalamu. Mwandikie. Usimbembeleze, usimdanganye. Mweleze tu kwamba mwanawe amelimiwa."

Ndiyo barua hii, Mama. Nimekueleza. Yona amezikunjua nguo zake, lakini amenisihi niseme kwamba bado anakungoja wewe. Asubuhi anapanda baiskeli, jioni ananiuliza kama mchuuzi wa iliki ameonekana.

Shamba la Baba sijalisahau. Nimezungumza na Baba Neema, ameomba likizo yake iangukie wakati wa kuvuna, atakuja kukaa nanyi mpaka mahindi yaingie ghalani. Anajua jembe vizuri kuliko anavyojua kuongea, kwa hiyo Baba atampenda. Hilo limekwisha, usilale ukiliwaza.

Mashindano ni Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa. Wataondoka Tanga alfajiri, na Mwalimu anasema mchana watakuwa wanapanda kutoka Mombo. Simama pale juu ya maporomoko ya maji, kwenye kona, upande wa mlimani. Utamwona kwa fulana ya kijani. Wifi, mshike Mama asimwite jina, maana akisikia sauti yake atageuza shingo, na pale kwenye kona mtu hageuzi shingo. Najua atamwita tu. Basi aite baada ya kupita.

Tena kuna jambo moja, nalo limetoka kwa Bibi Hadija mwenyewe. Aliniita nikiwa naondoka, akasema, "Sisi kwa dada yake tumekula. Kwa mama yake bado. Mwambie siku hiyo tutapita kumsalimu." Mimi na wewe tunajua kusalimu huko maana yake nini. Meneja ametoa lori la shamba, na lori limejaa kabla ya siku kufika, watu wanagombania hata nafasi ya kusimama. Kwa hiyo, Mama, pika. Ndizi na maharage ndiyo watakayofurahia, na kama kuna kuku, mwombe jirani Mzee Omari awachinje yeye, ili Bibi Hadija na wenzake wale bila wasiwasi. Mwombe na shangazi akuazime sufuria zake za kipaimara.

Msalimie shangazi huyo huyo, mwambie kitambaa alichonipa ndicho ninachokivaa kanisani. Msalimie Kaka Zefania, mumeo Wifi, nimesikia kanenepa, nakupongeza. Msalimie Mwinjilisti aliyemfundisha Yona kusoma, na Mzee Omari jirani yetu, na bibi wa kisimani aliyenifunga mtoto mgongoni mara ya kwanza. Baba mwambie asikae mlangoni siku hiyo. Abebwe mpaka barabarani, hata kwa kiti, aone.

La mwisho ni hili, Wifi, na hapa soma polepole kuliko kote. Mama, watu hao wakishuka kwenye lori hutamjua hata mmoja. Watakuwa na vumbi na njaa, watakuwa wanaongea wote kwa pamoja. Kabla hawajala, maji ya kunawa wamiminie wewe mwenyewe, usimwachie mtu. Mikono yao itapita mbele yako mmoja mmoja: ya Bibi Hadija, ya Wabena, ya fundi baiskeli, ya watu wa vijiji ambavyo mimi mwenyewe sivijui. Itazame. Ukimaliza kumnawisha wa mwisho, kama bado unataka Yona arudi nyumbani, waambie wao, hapo hapo, kwa kinywa chako. Watakusikia. Yona atabaki, baiskeli itarudi Bulwa ndani ya lori bila yeye, na mimi sitasema neno.

Ni mimi binti yako wa kwanza, mama yake Neema,

Rebeka